Kovu Nililolisoma kwa Sauti

Nilifundisha darasa la nne miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikumsikiliza mtoto hata mmoja mpaka mwisho wa sentensi yake. Nasema hivi kwa sababu siku hizi watu wa parokia yetu huku Ngara hunisifu kwamba najua kusikiliza. Wananiita kuongoza mafungo ya akina mama, ya makatekista, ya vijana wanaojiandaa kufunga ndoa. Wananiwekea kiti chenye mto na kusema mwalimu huyu ana karama. Sina karama yoyote. Nina cheti, na nitaeleza nilivyokipata.

Mwaka niliostaafu, paroko alinituma Biharamulo kusomea usindikizaji wa kiroho, yaani kazi ya kukaa na mtu mmoja mmoja, akueleze maisha yake na sala zake, nawe umsaidie kutambua Mungu anamwelekeza wapi. Alinichagua mimi kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina mume wa kuniuliza naenda wapi. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili, wiki moja kila baada ya miezi mitatu, katika nyumba ya mafungo ya masista. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na hakuna aliyekuwa mtakatifu.

Sista aliyetufundisha alikuwa mkunga kabla ya kuletwa pale. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na mtu akiongea alimtazama tumboni badala ya usoni. Siku ya kwanza alituketisha kwa duara, akamuuliza kila mmoja alikuwa akifanya kazi gani huko nyuma. Mzee mmoja wa Kibimba alisema alikuwa askari magereza. Mama mmoja wa Biharamulo, mnene, mwenye sauti tamu ya kwaya, akasema anauza mitumba. Mimi nikasema mwalimu, tena nikasema kwa kujivuna.

Sista akatikisa kichwa. "Kazi ya kwanza haitoki mwilini," alisema. "Wewe askari utawafungia watu. Wewe mama utawachambua kama nguo zako, huyu mzima, huyu katoboka. Wewe mwalimu utawasahihisha. Mimi niliwapiga makofi ya mapaja wanawake walioshindwa kusukuma, na mpaka leo mkono unaniwasha. Haya, tuanze."

Nilimchukia hapo hapo, na ilichukua muda kukubali kwamba hakukosea juu ya hata mmoja wetu.

Zoezi kubwa la mafunzo lilikuwa hili. Kila mwanafunzi atafute mtu mmoja kwao, akutane naye mara kwa mara, na kila baada ya kukutana aandike mazungumzo yote neno kwa neno kadiri anavyokumbuka: yeye alisema hivi, mimi nikajibu hivi, hapa alinyamaza, hapa nilikohoa. Wiki ya mafunzo ikifika, unasoma andiko lako kwa sauti mbele ya wenzako, nao wanakuonyesha ulipokosea. Jina la mtu unabadilisha. Kijiji unabadilisha. Alama yoyote ya kumtambulisha unaiondoa. Tuliapa hivyo mbele ya mshumaa, mmoja baada ya mwingine, na mama wa mitumba aliapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

Andiko langu la kwanza lilikuwa aibu. Sista alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mtu kakwambia magoti yanamuuma, nawe umempa mistari mitatu ya Biblia na kazi ya nyumbani." Wenzangu walicheka. Mama wa mitumba alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kitenge. La pili Sista alininyang'anya karatasi, akasoma majibu yangu mwenyewe kwa sauti ya mwalimu wa zamu, na safari hiyo hata mzee wa magereza alicheka, mtu ambaye sikuwahi kuyaona meno yake. La tatu aliniambia kwamba likija la nne la namna hiyo, nisijisumbue kurudi. Nilikuwa na umri wa miaka sitini. Nilikuwa nimewafelisha watoto wa watu bila kukosa usingizi, na sasa nikaonja kwa ulimi wangu mwenyewe ladha ya kufeli.

Niliyekuwa namsindikiza ni jirani yangu wa Nyakisasa. Shamba lake la migomba limepakana na langu. Watu wake ni wa Burundi. Alivuka mpaka zamani, wakati wa kukimbia, na akabaki hapa. Kanizidi umri, kwa hiyo miaka ishirini nilimpa shikamoo yake juu ya mpaka wa shamba, naye akanipa marahaba yangu, na tukitaka kuongea zaidi tuliongea habari ya mbuzi. Alipokubali kusindikizwa tulikuwa tukikutana kila Alhamisi saa tisa alasiri, kwenye chumba cha kigango, kanisa letu dogo la kijijini, zinapotunzwa ngoma. Alizungumzia magoti yake, palizi, mvua. Mimi nilimsahihisha sala zake.

Alhamisi iliyofuata baada ya kutishwa na Sista, niliamua kufunga mdomo. Naomba ieleweke: sikunyamaza kwa huruma. Nilinyamaza kwa kuogopa kukosa cheti. Alipokaa sikusema kitu. Naye hakusema kitu, akakaa akitazama ngoma, muda mrefu hata nikaanza kuhesabu mbao za dari. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Mwalimu, yule mwanangu siyo wa tumbo langu."

Mwanawe nilimfahamu. Mwanamume mzima, fundi seremala, ameoa na kuhamia Biharamulo, anapiga kinanda kanisani huko. Kila Krismasi alikuja na mfuko wa sukari na kumkatia mama yake kuni.

"Wakati tunakimbia nilikuwa na binti," alisema. "Alikuwa anaharisha, analia, mzito. Nikamkuta mama mmoja amekaa kando ya barabara, nikamwambia nishikie huyu, naenda kutafuta maji. Sikwenda kutafuta maji. Niliendelea mbele." Akasugua goti. "Mbele nikamkuta huyu. Amekaa na mama yake, na mama amekwisha kufa. Ana kidonda cha moto hapa, nyuma ya sikio, kibichi, na halii. Nikasema, huyu halii, huyu nitamweza."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu aliongea mbele yangu mpaka akamaliza. Alipomaliza alilia, akajifuta, akasema amepumua. Akasema pia jambo moja la mwisho, na hili nalo niliandika neno kwa neno: "Nikifa, na ajue. Nikiwa hai, hapana. Ndiye mtu pekee niliye naye."

Nilienda nyumbani nikaandika. Aibu yangu kubwa ni kwamba niliandika nikitabasamu. Lilikuwa andiko zuri. Nilibadilisha jina. Nyakisasa nikaifanya Nyarubungo, kwa sababu tu niliwahi kuiona imeandikwa kwenye gunia la maharage. Seremala nikamfanya fundi cherehani. Nilipofika kwenye kovu, kalamu ilisimama. Nilijua kabisa kwamba linatakiwa kutoka. Lakini bila kidonda kile, lile neno la "huyu halii" lilikuwa neno tupu, na mimi nilitaka Sista avue miwani. Nikaliacha. Hata leo ninapoandika haya nimeshindwa kulitoa, kwa hiyo msinidanganye kwamba nimejifunza.

Nilisoma siku ya pili ya wiki, asubuhi, wa kwanza. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Sista alivua miwani kweli. "Mwalimu amekufa," alisema, "amezaliwa msindikizaji." Nikasikia utamu mwili mzima, kama mtoto aliyepigiwa makofi matatu mbele ya darasa.

Hapo mama wa mitumba akauliza kwa upole, "Sikio la kushoto au la kulia?"

Mwalimu akiulizwa, hujibu. "La kushoto," nikasema, haraka, kabla sijajua ninajibu nini.

Akaitikia kwa kichwa, akakunja mikono tumboni. Hakuuliza tena, wiki nzima. Mimi nilikuwa nakula sifa, sikumwangalia.

Mama yule alikuwa mama mkwe wa seremala. Hilo sikulijua, alikuwa akisema tu kwamba mkwewe ni mtu wa kanisani. Miaka yote aliyokuwa akikaa benchi la pili na mkwewe akipiga kinanda mbele yake, alikuwa akilitazama sikio lile. Na watu wa Nyarubungo ni jirani zake, alijua vizuri kwamba huko hakuna mwanamke wa namna hiyo. Alimwambia binti yake, ati ili wasaidiane kumwombea mkwe. Binti akamwambia mumewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema. Hii ya kwetu ilikwisha kunywewa na watu kumi na mmoja kabla haijafika kwa mwenyewe.

Seremala alikuja Nyakisasa kwa pikipiki, mchana, siyo Krismasi wala sikukuu yoyote. Mimi nilikuwa shambani nikikata majani makavu ya migomba, upande wangu wa mpaka, hatua ishirini kutoka uani kwa jirani. Nilipomwona hana mfuko wa sukari nilijua. Ningeweza kuondoka. Nilibaki na kisu mkononi nikisikiliza, na kusikiliza nilikuwa nimeshafundishwa.

Hakupaza sauti. Alimuuliza, "Mama yangu alikuwa amevaa nini?"

Jirani yangu alifikiri. Jambo moja tu ndilo angeweza kumpa, na alilitafuta asilipate. "Sikumbuki," alisema. "Nilikutazama wewe."

"Na yule binti yako alikuwa anaitwa nani?"

Akamtajia. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina lile. Mimi, msikilizaji mkubwa, sikuwahi hata kumuuliza.

"Huyo nitamtafuta," mwanamume alisema. "Wewe kaa."

Akawasha pikipiki. Tangu siku hiyo hajarudi. Mwaka uliofuata mkewe alijifungua, na jirani yangu alipata habari kanisani, kwenye matangazo, pamoja na wengine wote.

Wiki ya mwisho ya mafunzo nilimweleza Sista kila kitu, nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kukaa. Nilitarajia anifukuze. Nadhani nilitamani anifukuze, ili niwe nimelipa kitu. Alinitazama tumboni kama kawaida yake.

"Mkunga ambaye mtoto hajamfia mikononi hajui bado anafanya kazi gani," alisema. "Wewe sasa unajua. Kaandike, neno kwa neno, na kesho utasoma."

Nikaandika, nikasoma. Mama wa mitumba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na mwisho akatoa sala ndefu ya kuniombea mimi nisamehewe. Sista alimsubiri amalize, kisha akasema andiko lina mapungufu mawili, akayataja. Jumamosi tulipewa vyeti, sote kumi na mmoja. Mama wa mitumba aliimbisha. Naye sasa anaongoza mafungo, upande wa Biharamulo, na nasikia watu humsifu kwa upole wake.

Nilirudi na cheti kwenye bahasha. Alhamisi ile, saa tisa, nilikwenda kwenye chumba cha ngoma kwa sababu sikujua pa kwenda pengine, na nilimkuta jirani yangu amekwisha kaa kwenye kiti chake.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. Mtu mzima kuamkiwa na kuikalia kimya shikamoo, kwetu hilo ni zaidi ya tusi. Nikakaa. Nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha, niliyapanga njiani, lakini hakuniangalia, na mafunzo yanasema kimya cha unayemsindikiza ni chake, usikivunje wewe. Nilikuwa nimemweleza hivyo mwenyewe siku ya kwanza, kwa majivuno, kama kanuni ya hesabu. Alikuwa ameikumbuka. Akakaa saa nzima akitazama ngoma. Saa ilipotimia akasimama, akaenda zake na magoti yake.

Alhamisi iliyofuata akaja tena. Shikamoo, kimya, saa nzima. Na iliyofuata. Nilisikia mbuzi nje, nilisikia watoto wakitoka shule, nilimsikia akipumua. Nilitamani anipige. Nilitamani aseme hata habari ya mvua. Alhamisi ya nne nililia mimi, naye alitazama ukuta tu mpaka nikaishiwa machozi.

Ya tano, saa ilipokwisha, alisimama, akakaza kitenge chake kiunoni, na ndipo akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aondoke.

"Haya, mwalimu," alisema. "Kawasomee na haya."