Kiti cha Zamda

Ilitamkwa rasmi, mbele ya viti mia moja na hamsini vya kukodi na kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, kwamba katika mtaa wa Kichangani, mjini Kibiti, hakuna mwanamke hata mmoja atakayeachwa nyuma, iwe kwa ufukara, iwe kwa mila. Aliyetamka alikuwa mgeni rasmi wa uzinduzi wa mradi wa ushonaji. Alitamka mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mpiga picha alikuwa anabadilisha betri.

Miongoni mwa waliopiga makofi mara zote mbili alikuwemo Zamda Mohamedi, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Maparoni, kwenye delta. Huko deltani alijua kulima mpunga na kukausha samaki, kazi mbili ambazo mjini hazimsaidii mtu asiye na shamba wala mtumbwi. Mafuriko yalipochukua shamba, yeye na mumewe Nurdini, mkata mikoko, walipanda hadi Kibiti pamoja na mama yake Nurdini, Bi Safina. Wakajenga vyumba viwili Kichangani, mtaa usio na barabara yenye jina lakini wenye mabango matatu ya miradi mitatu. Mabango mawili kati ya hayo sasa ni milango ya mabanda ya kuku. Baadaye Nurdini alianza kukohoa, akaacha kazi, akalala.

Kwa hiyo Zamda alipoambiwa kwamba mafunzo ni ya miezi mitano, na kwamba kila atakayehitimu atapewa cherehani na nafasi katika kikundi cha kushona sare za shule, hakuuliza swali la pili. Majina thelathini yaliandikwa. Lake lilikuwa la tisa. Ukumbi wa mafunzo ulikuwa mbele ya nyumba yake, upande wa pili wa uwanja, kiasi kwamba Nurdini akikohoa darasa zima lilimsikia, na Zamda alikuwa anajua kwa mlio kama anataka maji au anataka kugeuzwa.

Mwalimu alikuwa fundi Bushiri wa Ikwiriri, mzee asiyesifu. Wiki ya tatu alilinyanyua shati la Zamda, akalitazama ndani na nje, akalirudisha mezani bila neno. Wenzake walimpongeza.

Wiki ya nne Nurdini alifariki. Alikufa alfajiri, akazikwa adhuhuri, na Zamda akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mume, bila kujipamba, bila kutoka. Siku ya saba, wageni walipopungua, alipiga hesabu kwa vidole. Mafunzo yangekwisha siku chache kabla ya eda.

Bi Safina alikwenda kumuuliza Shehe Ally. Alirudi na jibu ambalo halikumfurahisha: mjane anaweza kutoka mchana kwa jambo ambalo riziki yake haipatikani bila hilo, ilimradi alale kwake. Shehe aliongeza kuwa kuvuka uwanja si safari.

“Shehe kasema yake,” alisema Bi Safina. “Watu watasema yao, na shehe hatakuwepo.”

Hata hivyo Bi Safina naye alikuwa anakula. Akatoa sharti moja: watu wa mradi waje wenyewe waseme mbele yake kwamba wanamtaka Zamda darasani. Wakisema, yeye atamjibu yeyote mtaani. Lilikuwa sharti la mtu wa delta. Maisha yake yote Bi Safina alikuwa ameona watu wa ofisi wakija kwa boti, wa misitu, wa mipaka, wa sensa, na wote walikuja kuamuru. Haikumpitikia kwamba ofisi inaweza kubisha hodi ili ikatae.

Mratibu wa mradi, Kudra, alikuja Jumatatu. Alikuwa binti mstaarabu wa Dar es Salaam. Alivua viatu bila kuambiwa, akaketi mkekani, akatoa sukari na majani ya chai. Kwenye mkoba alikuwa na mwongozo wa kuheshimu mila za jamii, ambao alikuwa ameusomea siku tatu katika hoteli moja Bagamoyo.

“Pole sana, dada Zamda,” alisema. “Nimekuja kukutoa wasiwasi. Hakuna atakayekuondoa ndani.”

“Mimi naomba nitoke,” alisema Zamda.

Kudra alimtazama Bi Safina, kisha akaufungua mwongozo.

“Nani amekwambia uombe?”

“Njaa.”

“Basi hilo ni shinikizo, dada yangu.” Alilisema kwa upole wa kweli. “Hali ngumu nayo ni shinikizo. Mwongozo unatukataza kumtoa mtu kwenye msiba wake kwa shinikizo.”

“Shehe karuhusu.”

“Tunamheshimu shehe. Lakini na wewe tunakuheshimu.”

Zamda aliuliza: “Sasa asiye na shida mngemfundisha ushonaji wa nini?”

Kudra aliliandika swali hilo kwenye daftari, akaahidi kulifikisha.

Alipoondoka, Bi Safina alikunja mkeka taratibu. Asubuhi alikuwa amekwisha kukubali moyoni. Sasa hakuweza tena. Hawezi mama wa marehemu kuonekana anaijali eda ya mwanawe kidogo kuliko ofisi ya Dar es Salaam.

“Umesikia, mwanangu,” alisema. “Hata wao wanaona vibaya.”

Kikabaki kiti. Kiti kitupu, katika taarifa za mradi, huitwa mdondoko, na mdondoko huulizwa na wafadhili. Ukiandika kwamba mwanafunzi ameacha mafunzo kwa sababu ya eda, unakuwa umeandika neno ‘mila’ mahali ambapo mgeni rasmi alikwisha kulifuta. Ikaonekana ni busara kiti kikaliwe kwa muda. Alikalishwa Muzdalifa, binti wa mwenye viti vya kukodi, msichana mwema ambaye tayari alikuwa anashona dukani kwa shangazi yake. Kila asubuhi lilipoitwa jina la tisa, aliitika. Wiki ya kwanza darasa lilicheka, wakamwita mjane. Wiki ya pili walizoea.

Fundi Bushiri hakucheka. Alianza kumpa Bi Safina magazeti ya zamani yaliyochorwa vipande vya mashati kwa chaki, naye aliyavusha uwanja chini ya ungo kama mwizi, kwa kuwa hakuwa na hakika kama kukata gazeti ni kujipamba. Zamda alikata. Alikata mikono, kola, mifuko, akaviunganisha kwa miiba ya mlimau. Mwezi wa tatu wa eda alikuwa na mashati ya karatasi yaliyotundikwa chumba kizima, na usiku upepo ukipita yalinong'ona kama msibani.

Bushiri alizipeleka kola mbili ofisini. Alisema hakuna mkono ukumbini unaokata vile, akaomba Zamda atahiniwe nyumbani. Alijibiwa kwamba vyerehani vina namba na havitoki ukumbini kabla ya mahafali, na kwamba mtahiniwa lazima aonekane akishona.

“Aonekane na nani?” aliuliza Bushiri.

Aliambiwa, na mpiga picha.

Siku ya mahafali viti vya kukodi vilirudi, na kipaza sauti kikarudi na mkoromo wake. Zamda alikuwa ndani, Bi Safina mlangoni akichambua mchele. Ilitangazwa kwamba walioanza walikuwa thelathini na waliohitimu ni thelathini, na hakuna aliyeachwa nyuma. Yakasomwa majina. La tisa likasomwa vizuri kabisa, na la baba yake.

“Nipo,” sauti ikaitika.

Bi Safina aliacha kuchambua. Hakugeuka.

“Wamekuita,” alisema.

“Nimesikia, mama.”

Cheti kilitoka na jina la Zamda, na kipo kwake; fundi Bushiri alikileta mwenyewe, akakiacha kizingitini. Cherehani kilipokelewa na aliyeitika na kutia saini.

Eda ilikwisha Jumatano iliyofuata. Zamda alioga, akavaa kanga mpya, akavuka uwanja. Ni hatua arobaini na moja. Ukumbi ulikuwa na kufuli, na bango la mradi lilikuwa limeshang'olewa. Kuna mtu alikuwa anajenga banda la kuku.