Kiwanja Tulichompitisha Baba

Kabla Kihonda haijajaa nyumba, baba yangu alikuwa golikipa wa timu ya mtaa wetu. Mimi nilimkuta ameshaacha kucheza, lakini kila Jumapili jioni alinishika mkono tukaenda kiwanjani, na badala ya kukaa na wenzake pembeni alisimama nyuma ya goli mpaka mchezo uishe. Hapakuwa na uzio wala majukwaa. Ilikuwa ardhi nyekundu iliyokomazwa na miguu ya watu, magoli ya miti ya mikaratusi, na milima ya Uluguru kwa mbali imefunikwa na wingu.

Viwanja vingine vilikuwa vya zamani zaidi, na baba alivijua kwa kuvichezea. Kimoja kilikuwa karibu na reli; treni ilipopita abiria walitoa vichwa madirishani kuuliza matokeo. Leo pale pana maghala ya mahindi. Kingine kilikuwa ukingoni mwa mto, na mto wenyewe ndio uliokimega, masika baada ya masika, hadi kona nzima ikaenda na maji na timu zikahama. Kuna kilichokuwa juu mlimani, kwenye kijiji cha misheni, kimeinama kiasi kwamba mpira ukitoka upande wa chini watu walikaa wakisubiri urudishwe kutoka kwenye mashamba ya kabichi. Hicho kimejengwa madarasa. Sikumbuki kusikia mtu akitangaza kwamba kiwanja fulani kinafungwa. Ulipita siku moja ukaona matofali, basi.

Cha kwetu kilikuwa na jambo lake. Makaburi yalikuwa upande wa pili, na njia fupi ya kwenda huko ilikata katikati ya kiwanja. Jeneza likitokea, mwamuzi alipuliza filimbi na wachezaji wakasimama pale pale walipo. Aliyetaka kusindikiza alivaa shati lake akafuata msafara, na timu yake ikamaliza mchezo ikiwa pungufu. Hakuna aliyelalamika.

Kisha wapima ardhi walikuja na vigingi. Baba alikwenda kuangalia, akakuta kimoja kimepigwa ndani ya goli alilolilinda ujana wake wote. Alirudi nyumbani akaomba maji ya kuoga. Tangu hapo hakuangalia mpira tena, hata wa kwenye televisheni.

Alipokuwa mgonjwa, miaka mingi baadaye, aliniambia, "Mimi mtanizungusha barabarani, katikati ya malori. Wenzangu wote tuliwapitisha kiwanjani."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nasema tu."

Alifariki alfajiri moja ya kiangazi. Asubuhi alifika mzee tuliyemwita baba mdogo, ingawa hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa beki aliyecheza mbele ya baba tangu ujana. Nikamweleza yale maneno. Akasema, "Twende tukaombe kwa mwenye nyumba aliyejenga pale. Akikataa, tutakuwa tumeomba."

Ile njia ya zamani sasa iliangukia ndani ya ua wa nyumba moja, yenye geti kubwa mbele na mlango mdogo wa chuma nyuma. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mtu wa kanisani. Tulimsalimu, akatukaribisha kwenye viti. Baba mdogo alianza kueleza, nikamalizia mimi.

"Nilinunua hapa pakiwa na msingi tayari," alisema mama yule. "Hakuna aliyeniambia palikuwa na kiwanja."

"Hukukosea kitu, mama," baba mdogo akamjibu. "Tunaomba kupita tu."

"Mtapita saa ngapi?"

"Baada ya swala ya alasiri."

"Basi nitamfunga mbwa."

Tulipofika na jeneza, geti lilikuwa wazi. Nguo zilikuwa zimeanuliwa, ndoo zimesogezwa ukutani, na ua umefagiwa. Yeye alisimama barazani na binti zake, wote wamejifunga khanga, vichwa wameinamisha. Tulipita kati ya tangi la maji na jiko la nje. Nilikuwa nimebeba upande wa mbele, na nyuma yangu nilisikia wazee wa timu wakiacha kuzungumza, mmoja baada ya mwingine, ikabaki sauti ya viatu tu. Baba mdogo alikuwa analia bila kujificha. Mimi sikulia hadi tulipotoka kwa ule mlango mdogo na kuyaona makaburi yako pale pale, karibu kuliko nilivyokuwa nimezoea.

Baada ya matanga tulirudi kumshukuru yule mama. Alimtaka baba mdogo amwonyeshe kiwanja kilivyokaa, naye akazunguka nyumba na fimbo yake, akasema mstari wa kati ulipita jikoni. Mama akacheka kidogo, kisha akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Tulikaa pale mpaka chai ya pili.

Baadaye jirani mwingine alifiwa, akaenda kupiga hodi kwake, naye akafungua. Ikawa mazoea kwa muda. Mwaka jana afya yake ilidhoofu, mwanawe akamchukua akaishi naye Turiani, na nyumba ikauzwa. Mnunuzi ameuziba mlango wa nyuma kwa matofali. Ni kijana mpole, tunasalimiana vizuri. Sijamweleza habari ya ile njia, na baba mdogo anasema nisimweleze kwanza, nimwache azoee mtaa.