Koti la Mtihani

Asubuhi ya mtihani wa vitendo nilipekua nyumba yetu nzima kule Kinoo, na koti langu jeupe sikuliona. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimelipiga pasi nikalitundika nyuma ya mlango. Mama alikuwa akikoroga uji, hata macho hakuinua.

"Si anko wako alipitia hapa alfajiri. Akasema watu wa afya wanakuja kwa bucha yake leo. Nikampatia."

"Mama! Watu wa afya ndio sisi!"

"Sasa mimi ningejuaje? Wewe huongea kama redio, mtu anashika nusu."

Ningelia kama ningekuwa na wakati. Mwaka mzima nilikuwa nimekisotea hicho cheti cha afya ya umma, nikipanda ngazi za chuo katikati ya jiji kwa sababu lifti ilikuwa "inatengenezwa" tangu siku niliyojiandikisha. Kilichobaki ni kukagua bucha mbele ya mwalimu na kutaja makosa kwa sauti. Mwalimu mwenyewe alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko wanafunzi: asiye na koti haingii, na asiyeingia anarudia mwaka.

Huko Dagoretti, aliko anko na bucha yake, koti la mwenye bucha ni la wageni. Linakaa msumarini, na likikosekana linaazimwa, mradi afisa wa afya akute kitu cheupe. La anko, mdogo wake baba, liligeuka zamani kuwa kifuniko cha kiti cha pikipiki. Nilikuwa nimemhubiria hadi nikachoka: vaa koti, funika nyama, usishike pesa na nyama kwa mkono uleule. Huitikia, "Sawa, mama." Huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mamake. Kisha anaendelea kukata nyama vilevile.

Nilikimbia hadi buchani nikikusudia kumvua kabla mwalimu hajafika. Mwalimu alikuwa ameshafika, na wenzangu wamejipanga mlangoni na makoti yao.

"Lako liko wapi?" aliniuliza.

Kupitia kioo nilimwona anko amesimama wima kama bwana harusi, koti langu limembana mabega. Ningesema ni langu, angeaibika mbele ya wateja wake. Nikasema nimelisahau nyumbani.

"Basi baki nje. Tutaonana mwaka ujao."

Anko alisikia. Alinitazama, akajitazama kifuani, nikaona ameelewa. Nilimtikisia kichwa, usithubutu! Lakini mtu huyo ni lini aliwahi kunisikiliza? Alifungua vifungo mbele ya kila mtu, akabaki na fulana yake yenye madoa ya damu, akaninyooshea koti juu ya nyama.

"Shika, mama. Ni lako hili, mimi niliazima tu. Ingia ufanye mtihani."

Nililivaa. Lilikuwa bado na joto la mwili wake. Mwalimu alikohoa, lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe, na sasa nilikuwa na koti. Akaniita mbele.

"Haya. Kosa la kwanza?"

Anko alisimama kando ya gogo la kukatia nyama, mikono nyuma, akinitabasamia kwa fahari. Nilitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja.

"Muuza nyama," nikasema, "hana koti."