Ukoo wa Sanamu

Mfagizi wa mji mkongwe ndiye anayeosha zile sanamu za kisasa zilizopangwa kichochoro hadi kichochoro, na kila moja ameipa undugu. Duara la shaba lenye tundu ni Shangazi, kwa ajili ya mdomo wake. Vyuma viwili vilivyoegemeana ni Mapacha. Huwasugua huku akiwapigia soga, maji yakimchuruzika viwikoni. Lile jiwe kubwa lenye jicho moja linalokufuata kila upitapo ni Mama Mkwe. Huyo humrushia maji kwa mbali, akajiendea zake.

Juzi mama mkwe mwenyewe alikuja kumtembelea, akataka kuonyeshwa ukoo mzima. Kufika kwenye jiwe, mfagizi akababaika.

"Huyu, mama, bado sijampa jina."

Mama mkwe akalizunguka polepole, akapitisha kidole mgongoni, akakitazama.

"Wenzake wote wanang'aa, mwanangu. Huyu mmegombana?"