Kalervo Ndani ya Nyumba ya Kioo

Itangazwe kwa tarumbeta, na wenye kofia wazivue: siku moja ya Aprili, Kalervo Pöntinen, fundi mstaafu wa matrekta kutoka Loimaa, Ufini, alivuka bahari mpaka Stockholm, Uswidi, akakagua makasri mawili ya kifalme na bustani moja ya mimea.

Makasri aliyakagua kwelikweli. Wastaafu wenzake wa basi la watalii walipokuwa wakifuta machozi mbele ya kitanda cha malkia, yeye alikuwa amepiga magoti akipapasa bomba la kupashia chumba joto.

"Hili halifanyi kazi," alimnong'oneza mkewe.

"Kalervo! Hapa alilala malkia!"

"Basi alilala na baridi."

Sirkka, ndiye huyo mkewe, akamnyang'anya simu apigie picha, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imeisha chaji. Tiketi za meli zilibaki mfukoni mwa Kalervo, kwa kuwa Sirkka hupoteza hata miwani iliyo puani. Meli ingeng'oa nanga saa moja na nusu jioni, na kesho yake mchana, kule Turku, mjukuu wao wa kwanza angebatizwa. Jina lake walilijua wazazi tu. Kwao jina la mtoto halitajwi mpaka siku ya ubatizo. Sirkka alikuwa amekisia majina arobaini, na binti yao, mama wa mtoto, akicheka tu kwenye simu. Na yeye, bibi, ndiye angempakata mtoto jina likitamkwa.

Haya, wakafika bustanini. Baada ya kutwa nzima ya upepo, Kalervo akajipenyeza kwenye nyumba ya kioo ya mimea ya nchi za joto. Mle ndani mvuke, ukungu, ukimya. Mfini, aliyelelewa na sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, akikuta joto na mvuke ana kazi moja tu: kukaa na kunyamaza. Akavua koti, akavua sweta, akavua na viatu, akakaa kwenye benchi nyuma ya migomba. Mgongo ukalegea. Usingizi ukambeba.

Alipozinduka, saa ya ukutani ilisema kumi na moja na nusu, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Basi la bandarini lingeondoka saa kumi na mbili.

Ngumi alikuwa nazo mbili, na koo lililozoea kushindana na injini za matrekta. Lakini kwao Loimaa humsumbui mtu usiyemjua, labda nyumba iwe inaungua, na hata hapo unaanza na samahani. Akasubiri apite mtu asiye na shughuli. Akapita mama na mbwa; mbwa alikuwa na shughuli. Wakapita wapenzi wawili; Kalervo akaona haya, akageukia mgomba. Akaja mzee mwenye fimbo, akachungulia ndani. Kalervo akapunga mkono. Mzee naye akapunga mkono, akaenda zake ameridhika.

Mwishowe akagonga kioo kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayejaribu yai. Mwanamke mmoja akageuka. Kalervo akashtuka, akajifanya anafuta vumbi.

Saa kumi na mbili na dakika tano akaliona paa la basi lao likitambaa juu ya uzio wa bustani, likaenda.

Ilikaribia saa moja na nusu Sirkka alipotokea na mlinzi mwenye funguo, macho yamemvimba. Hata wangeota mbawa, meli hiyo wasingeiwahi. Iliyofuata ilikuwa ya asubuhi. Ingefika Turku jioni, mtoto ana jina lake, keki imekwisha.

"Nimekutafuta chooni, mzee wewe! Choo cha wanaume! Nimeuliza ziwani kama wameopoa maiti! Ulikuwa umelala muda wote huu?"

"Niliamka kumi na moja na nusu."

"Na watu hawakupita?"

"Walipita. Wengi."

"Wengi! Na huo mdomo umepewa wa kunywea kahawa tu? Mbona hukumwita hata mmoja?"

Kalervo aliinama, akafunga kamba za kiatu cha kushoto, kisha cha kulia.

"Walikuwa wanatembea."