Nguzo za Mikaratusi Chini ya Laini Kubwa

Mwaka ule wa ukame mabwawa ya umeme yalikauka mpaka matope yakaonekana, na nchi nzima ikaingia kwenye mgawo. Mimi nilikuwa mwendesha mitambo katika kituo kimoja cha gesi asilia, Dar es Salaam. Gesi ilitoka kusini, ikaja kwa bomba mpaka kwetu, tukaichoma, ikazungusha mashine, na umeme ukaingia kwenye gridi ya taifa. Mvua zikiwa nzuri sisi tulikuwa wasaidizi tu wa mabwawa. Sasa simu ya waongoza gridi haikupumzika: ongeza, ongeza tena. Mashine yetu moja ikizima, watu wa mikoani waliingia gizani. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Kama mimi nilivimba, baba yangu kule kijijini Endasak ndiyo usiseme. Alisikia redioni kwamba gesi ndiyo inayoibeba nchi, akatoka na redio yake mkononi kuwaambia majirani kwamba anayeichoma hiyo gesi ni binti yake. Nyumbani kwetu tuliwasha kibatari. Laini kubwa ya umeme ilipita juu ya mahindi yetu kwenye minara ya chuma, ikaenda zake Babati na Arusha bila kutusalimu.

Nilipopata likizo, basi la Singida lilinishusha barabarani, baba akanipokea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku tayari amebeba begi langu. Tulipokata kona ya shamba nikaona mstari wa nguzo za mikaratusi, zimemenywa magome, zimechimbiwa na kunyooshwa vizuri, kuanzia nyumba za kwetu mpaka chini ya mnara wa laini kubwa.

"Upande wetu tumemaliza," baba akasema. "Bado wewe tu."

Nilielewa papo hapo. Bomba la maji lilipoletwa kijijini, kila kaya ilichimba mtaro wake mpaka kwenye bomba kubwa, kisha fundi akaja kutoboa na kuunganisha. Sasa wanakijiji walidhani umeme ni hivyo hivyo, na kwamba fundi ni mimi.

Nilijaribu kumweleza njiani. Ile laini ni ya msongo mkubwa, haitobolewi. Lazima kijengwe kituo cha kupozea umeme, ziletwe transfoma, na wanaoamua hayo wako kwenye ofisi ambazo sijawahi kukanyaga hata mlango wake. Mimi naijaza tu, siishushi.

"Utawaambia kesho," akanikatiza. "Wazee wanakuja kukubariki. Pombe imeshapikwa."

Kwetu mtu aliyebeba kazi ya wengi hubarikiwa na wazee mbele ya watu, na mwenye nyumba hupika pombe ya mtama. Mama ndiye aliyeniambia mengine tukiwa jikoni. Ile mikaratusi yote ilikuwa ya mzee jirani yetu. Aliipanda mwenyewe kwa ajili ya kuezeka nyumba mpya, akaikata yote kwa sababu baba alimhakikishia. Kama umeme hauji, baba atamtazamaje?

Kesho yake uwanja ulijaa. Wazee walikaa kwenye vigoda, akina mama upande wao, na chungu kikawekwa katikati. Nikawaamkia, nikasimama, nikasema ukweli wote bila kuupaka asali. Mzee jirani alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeme si unautengeneza wewe?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Na unapita hapa juu?"

"Unapita."

"Na huwezi kusema ushuke?"

"Siwezi, baba."

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza, maana ningepata cha kujibu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi vya mjini na saa ya mkononi, na pale uwanjani nilijiona sina faida hata ya kuku. Niliona aibu ya kazi yangu, ile ile niliyoringia. Kisha nikamtazama baba, na hapo ndipo aibu iliponikata kweli. Alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake, macho chini.

"Nimewaponza," akasema. "Nimekata miti ya mwenzangu kwa mdomo wangu. Nendeni tu nyumbani, hii pombe nitaimwaga."

Mzee jirani akainuka, akachota pombe kwa kibuyu.

"Pombe imepikwa kwa ajili ya mtoto," akasema. "Na mtoto amefika."

Akamimina kidogo chini, akaanza kuomba kwa lugha yetu, taratibu, na watu wakimwitikia kwa sauti ya chini. Mashine yako isizime. Mikono yako isiungue. Wale unaowawashia taa, huko mbali waliko, wasikose. Watoto wao wasome.

Alipomaliza akaningoja. Mwenye kubarikiwa lazima aitikie mwenyewe, kwa sauti, ndipo baraka impate. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilijua umeme wangu unakokwenda: kwenye mabango ya matangazo, kwenye majokofu ya bia, kwenye taa za mageti ya watu waliolala. Nikajaribu tena, ikatoka pumzi tupu, na machozi yakaanza kunitiririka mbele ya wazee.

Ndipo baba, ambaye hakuwahi kuwasha hata taa moja ya umeme nyumbani kwake, alipovaa kofia yake, akasimama kando yangu na kuitikia kwa niaba yangu, kwa sauti iliyofika barabarani.