Kamera Isiyovuta Mbali

Siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ni ya mwaka ule wapimaji wa nyumba walipofika kijijini kwetu, upande wa pili wa ghuba ya Palma. Nilikuwa ningali msichana. Gesi ilikuwa imeonekana chini ya bahari, nasi tumeambiwa tutahamishwa. Nakusimulia haya kwa kuwa nimekusikia ukisema hupigi picha mpaka upate kamera kubwa. Mchagua jembe si mkulima.

Kamera yangu niliinunua Mtwara, imeshatumiwa na wengine. Taa yake ilikuwa imekufa, kifuniko cha betri nimekifunga kwa mpira, na kitu cha mbali haikuweza kukivuta. Siku zile walikuwepo wageni wenye kamera ndefu kama mchi. Wanasimama ufukweni, wanampiga mtu aliye mwambani, na picha inatoka kama alikuwa mbele yao. Nikawaonea wivu, nikaiga kila walichofanya.

Pale kijijini waliishi Bibi Somoe na mdogo wake, Bibi Atija, katika nyumba waliyoachiwa na mama yao. Wapimaji walitaka jina la mwenye nyumba, moja tu, na hapo ndugu wakagombana. Likaandikwa la Somoe, kwa kuwa ndiye mkubwa. Atija akasema hiyo nyumba mpya yeye haendi; atakwenda kwa mwanawe kule Pundanhar, akalime. Tangu hapo kila mmoja akawa na meko yake, na salamu hakuna.

Bibi Somoe akaniita nimpige picha na nyumba yake kabla haijabomolewa. Nikasimama mbali, kama wageni wale, jua la mchana likiwa utosini. Kisha nikamwonyesha picha kwenye kioo.

"Huyu nzi mlangoni ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, bibi."

Hakucheka. Nikajitetea kwamba kamera yangu haivuti kama za wageni.

"Haivuti, lakini miguu unayo," akasema. "Sogea, mwana. Nitazame kwanza, ndipo unipige."

Niliudhika, sikufichi, lakini nikasogea. Nilipokaribia ndipo nikaona kwamba jua lilikuwa limemchimba mashimo ya kivuli machoni. Nikamketisha barazani, kivulini. Mwanga wa mchanga mweupe wa uani ukampanda usoni taratibu, hata msiro, ule unga mweupe wa mti aliojipaka mashavuni, ukaonekana.

Ila barazani palepale alikuwa ameketi Bibi Atija, anasuka ukili wa mkeka.

"Mwambie asogee," Somoe akaniambia mimi.

"Mwambie sisogei. Hapa nimezaliwa," Atija akanijibu mimi.

Nami nimesimama katikati yao, na alama ya betri imeanza kuwaka nyekundu.

"Bibi zangu," nikasema, "imebaki picha moja. Ni nyote wawili, ama hakuna." Kwa kweli sikujua kama imebaki hata hiyo.

Hakuna aliyeinuka. Nikapindua kinu, nikaikalisha kamera juu yake, maana kivulini bila taa mkono ukitetemeka kidogo tu picha inavurugika. Nikawaomba wasiheme. Nikabonyeza, na kamera ikazima palepale.

Nilikwenda mjini Palma kuchaji na kusafisha picha. Niliporudi, Atija alikwisha kuondoka. Nikampa Somoe picha yake. Nyuso mbili zimenuna, zinatazama mbele, kila mkunjo unaonekana. Na chini, Atija ameshika pindo la kanga ya dada yake. Mkono ule sikuuona nilipopiga; nadhani hata Somoe hakuuhisi.

Aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaniuliza, "Gari la Pundanhar linaondoka saa ngapi?"

Barabara ya huko ni mbovu, naye alikuwa mzee, lakini alikwenda, akarudi na mdogo wake na mikeka yake. Nyumba mpya waliihamia wote wawili. Wazee husema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kama waligombana tena huko, sikuuliza.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kamera ya bei ndogo inataka mtu mwenye subira. Lenzi yake ifute kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, si kwa pindo la shati lenye jasho. Mtu mtoe juani, umweke kivulini penye weupe mbele yake, mchanga au ukuta uliopakwa chokaa. Mkono usipotulia, tafuta kinu, jiwe, hata bega la mwenzio. Usibonyeze ovyo; piga kama vile betri inakufa. Na kabla ya yote msogelee mtu, umsalimie, ukae naye kidogo. Kamera kubwa ukiipata siku moja, alhamdulillahi; usipoipata, watu hawataacha kuwa na nyuso.

Mungu akutulizie mkono, akufungulie macho, na kila utakayempiga picha akuombee dua njema. Amina.